Siku Ongchu Alipomchunga Shemeji Yake

Ongchu hakuwahi kumpenda sana shemeji yake Kusang, lakini hakuwahi kumwogopa. Alianza kumwogopa asubuhi moja jikoni kwa Diki, kule Gokyo kando ya ziwa, siku waliyopanga kuvuka mlima kwa njia ya Renjo.

Alikuwa ameingia kuchukua maji ya moto ya mgeni aliyekuwa akimwongoza. Moshi wa mavi makavu ya yaki, ng'ombe wa manyoya wa milimani, ulitanda jikoni, na Diki, mwenye nyumba ya wageni, alikuwa ameinama akipuliza moto. Mezani palikuwa na sinia lenye vikombe vitatu vya chai. Kusang alisimama mbele ya sinia lile, mgongo kauelekeza mlangoni, na kiwiko chake kilikuwa kikicheza kama cha mtu anayeponda kitu. Kisha Ongchu akaona kipande cha karatasi iliyokunjwa, na unga mweupe ukiteremka kutoka kwenye karatasi ile kuingia kikombeni. Kikombe kipi, hakuona. Bega la Kusang lilimziba.

"Unafanya nini?"

Kusang alishtuka. Karatasi ikapotelea mfukoni. "Natia sukari, shemeji."

"Sukari ya kwenye karatasi?"

"Ndiyo ya Kathmandu hiyo. Mjini hata sukari inavaa nguo."

Diki alicheka mpaka akapaliwa na moshi. Ongchu hakucheka. Aliangalia vile vikombe vitatu, vyote vinafuka mvuke, vyote rangi moja.

Hofu yake ilikuwa na sababu. Kwa misimu kadhaa maneno yalikuwa yakizunguka milimani kwamba kuna waongozaji wanaotia unga kwenye chakula cha wageni. Si sumu ya kuua. Unga wa kuvuruga tumbo tu. Mgeni anaharisha, anatapika, anaishiwa nguvu, naye mwongozaji anamwambia kwa uso wa huruma kwamba huo ni ugonjwa wa mwinuko na asiposhuka leo atakufa. Helikopta inaitwa, bima ya mgeni inalipa, na kila aliyeshika simu anapata chake. Ongchu hakuwahi kumwona mtu akifanya hivyo kwa macho yake. Lakini msimu uliopita wageni wake wawili walishushwa kwa helikopta, mmoja baada ya mwingine. Waliugua kweli, mmoja alikuwa na midomo ya buluu kama wino. Nani angeamini? Bwana Tuladhar, mwenye kampuni inayompa kazi, alimwita ofisini, akampa chai, akamwangalia kwa muda, kisha akasema, "Nakujua, Ongchu. Lakini mgeni wako mwingine akirudi kwa helikopta, usihangaike kuja kunieleza."

Ongchu alikuwa Sherpa, mtu wa milima hiyo, kutoka kijiji cha Thame, mtoto wa mkulima wa viazi. Alianza kwa kubeba mafuta ya taa ya watu mgongoni, akabeba mahema, akabeba vyungu vya wapishi, mpaka siku moja wakampa fimbo na kumwambia atangulie. Hakuwa na shamba kubwa wala nyumba ya wageni. Alichokuwa nacho ni jina: kwamba aliyetembea na Ongchu amerudi mzima. Jina hilo sasa lilikuwa na ufa, na safari hii ndiyo ilikuwa ya kuuziba. Mgeni avuke Renjo kwa miguu yake, ashuke upande wa pili kwa miguu yake, basi.

Na katika safari hiyo ndipo akatokea Kusang.

Mpagazi wao wa kwanza alikuwa amerudi nyumbani kuuguza mgonjwa. Siku ileile Kusang akapiga simu kutoka Namche, mji wa chini kabisa ya bonde: yeye yupo, yeye atakuja, asitafutwe mtu mwingine. Kusang huyo, mdogo wa mkewe, ambaye kwa miaka alikuwa akiendesha teksi Kathmandu, na akija nyumbani kwa Losar, mwaka mpya wao, analalamika kwamba hakuna mahali pa kuchaji simu. Alifika Gokyo siku mbili tu baadaye, akiwa mbio mbio, kapu mgongoni, anahema na kucheka. Mtu anayeacha teksi na kiti cha kukalia aje kubeba mzigo kwa kichwa, tena kwa haraka hiyo, anatafuta nini? Usiku wa kwanza Ongchu alijiambia ni dhiki tu. Sasa alikuwa ameona unga.

Alibeba sinia mwenyewe mpaka chumba cha kulia. Mgeni alikuwa ameketi karibu na jiko la chuma, buti zimefungwa tayari. Aliitwa Bogna, mama wa Kipolandi aliyekuwa akifundisha watu kuogelea, mabega mapana, nywele fupi za mvi. Naye alikuwa amesikia habari za unga kabla hajapanda ndege, na hakuificha hofu yake. Chupa yake ya maji aliizungushia mkanda wa gundi kwenye kifuniko ili ajue kama imefunguliwa. Akaunyoosha mkono kuchukua kikombe.

"Hicho hapana, mama," Ongchu alisema. "Kimeingia nzi."

Bogna alitazama dirishani. Nje barafu ilikuwa imeshika ukingo wa ziwa. "Nzi? Hapa?"

"Nzi wa jikoni."

Akavichukua vikombe vyote vitatu na kwenda kuvimwaga nje ya mlango, mbele ya macho ya mgeni. Aliporudi, Bogna alikuwa amejimiminia maji kutoka kwenye chupa yake yenye gundi, na tangu dakika hiyo alianza kumwangalia Ongchu kama mtu anavyomwangalia mbwa asiyemfahamu.

Kusang aliingia, akaona vikombe vitupu. "Chai yangu je?"

"Imemwagika."

"Imemwagika, au umeimwaga?" Uso wake ulikunjamana kama wa mtoto aliyenyang'anywa kitu. Ongchu aliuweka uso huo moyoni kama ushahidi.

Kikaja chakula. Diki alileta viazi vya kuchemsha, mkate wa ngano na uji mzito wa shayiri, akaanza kazi yake ya kulazimisha. Kwa watu wa huko, anayekubali chakula mara moja anaonekana mlafi. Unakataa mara ya kwanza, unakataa ya pili ukiwa umeshafunika bakuli kwa kiganja, ya tatu unaondoa kiganja. Kusang alikataa ya kwanza. Akakataa ya pili. Ya tatu akakataa. Diki akasimama na upawa hewani.

"Wewe mtoto wa nani? Teksi imekufundisha kunitukana jikoni kwangu?"

"Dada, nimeshiba kweli."

"Umeshiba nini? Hujala tangu jana. Au umekuwa Mzungu, unahesabu mafuta?"

"Nipe kesho, dada. Kesho nitakula sufuria na mfuniko wake."

Alifunika bakuli kwa mikono yote miwili. Ongchu alikuwa ameshameza viazi vinne. Kijiko kilisimama njiani kuelekea mdomoni. Kwa nini mtu akatae chakula cha chungu kimoja na wenzake, isipokuwa anajua kilichomo? Aliweka kijiko chini taratibu. Akamwangalia Bogna, ambaye alikuwa akitafuna mkate wake kwa uangalifu, na kutoka hapo akawa anasikiliza tumbo lake mwenyewe kama mtu anayesikiliza hatua za mwizi darini.

Walipokuwa wakifunga mizigo alitoka kwenda nyuma ya nyumba, kwenye ukuta ulioanikwa mavi ya yaki. Upande wa pili wa ukuta Kusang alikuwa akiongea na simu, sauti chini.

"Usimwambie Ongchu. Nimekuomba. Ni leo tu, tukishavuka kule juu yamekwisha."

Ongchu alirudi nyuma kwa vidole vya miguu. Angeweza kumkabili palepale. Lakini alimjua mkewe Yangjin, na alijua maneno yakishatoka hayarudi; angesema, umemwita mdogo wangu mwuaji mbele ya watu wa Gokyo. Na kama angekosa ushahidi? Akaamua atafanya kama anavyofanya na yaki mwenye tabia ya kupiga pembe: hatampa mgongo.

Wakaondoka jua halijagusa ziwa. Ongchu aliufungua mzigo, akatoa chupa kubwa ya chai ya njiani na mfuko wa biskuti, akavitia kwenye begi lake mwenyewe.

Kusang alimwangalia akifanya hivyo. Mshipi wa kapu ulikuwa umeshamkaa kwenye paji la uso. "Unaniona mwizi, shemeji?"

"Nakuona mpagazi. Twende."

Njia ya Renjo inaanza kwa upole kando ya maji, kisha inageuka na kupanda kama paa la nyumba. Bogna alipanda vizuri. Alikuwa na pumzi za mtu aliyeishi majini, na hatua fupi alizofundishwa na Ongchu mwenyewe. Ongchu alikuwa nyuma yake kidogo, jicho moja kwake, jicho moja kwa Kusang aliyekuwa akizidi kubaki chini. Kila walipopata mahali pa kusimama alimwuliza mgeni swali lilelile.

"Kichwa?"

"Kipo."

"Tumbo?"

"Lipo pia."

"Hujisikii kutapika?"

Bogna aligeuka, akaegemea fimbo zake. "Ongchu, siku zote hizi umekuwa ukiniuliza mara moja asubuhi, mara moja jioni. Leo unaniuliza kila kwenye jiwe. Kuna kitu unakijua mimi sikijui?"

"Hapana, mama."

"Basi acha kuniangalia tumbo. Tumbo langu halijazoea."

Kama siku ingekuwa nyingine Ongchu angecheka. Aliangalia chini. Kusang alikuwa ameketi tena, kapu limeegemea mwamba, kichwa kati ya magoti. Hapo mawingu yalikuwa yameanza kuonekana mwisho wa bonde, meupe na mazito, yakipanda polepole. Ongchu akapata wazo jipya, baya kuliko la kwanza. Kama unga umekwama kwa sababu chai imemwagwa, basi huyu anatafuta njia nyingine. Anachelewesha. Atatuchelewesha mpaka mawingu yatufunge juu kabisa, mgeni ashikwe na baridi, aogope, aombe mwenyewe helikopta.

"Kusang!" alipiga kelele. "Umekuja kubeba mzigo au kutalii?"

Kusang alinyanyua mkono bila kunyanyua kichwa.

"Kwenye teksi ulizoea kubebwa, siyo?"

Siku zote utani wa namna hiyo ungerudishiwa palepale, tena na nyongeza kuhusu mashavu ya Ongchu au ukoo wake. Safari hii Kusang hakujibu. Aliinuka, akayumba, akashika mwamba, akaanza kupanda. Anaigiza, Ongchu alijiambia. Hata kuyumba anaigiza.

Walipofika kwenye mawe makubwa yaliyoanguka, Kusang alipotea nyuma ya jiwe moja. Ongchu alimwachia mgeni chai aliyoionja kwanza yeye mwenyewe mbele yake, akashuka haraka. Alimkuta Kusang amepiga magoti, mgongo kamgeuzia.

"Unafanya nini huko?"

"Nakojoa."

"Umepiga magoti kukojoa?"

"Huku juu kuna upepo, shemeji."

Akajifuta mdomo kwa mkono wa koti. Ongchu aliona alivyofukia kitu kwa theluji harakaharaka, akadhani amefukia karatasi. Alitaka kuichimbua, lakini Bogna alikuwa akiwatazama kutoka juu, na aibu ikamzuia. Alitoa biskuti mfukoni. "Kula."

"Sitaki."

"Nimesema kula."

"Nimekwambia sitaki! Kwani ni dawa?"

Wakatazamana. Macho ya Kusang yalikuwa mekundu, na mkono wa kulia ulikuwa ukisugua paji la uso chini ya mshipi. Mtu mwingine yeyote angeona kilichokuwa mbele yake. Kama Bogna ndiye angekuwa na macho yale, Ongchu angemshusha bila kungoja neno la pili. Lakini Ongchu alikuwa akitazama mikono ya Kusang, inaingia mfuko gani na inatoka na nini, na hakuwa na jicho la ziada kwa uso wake.

Kipande cha mwisho kilikuwa ngazi za mawe zenye barafu. Bogna alizimaliza akihesabu kwa lugha yake, kwa hasira, kama anayegombana na mtu. Alipofika kwenye bendera za sala, zilizofungwa kamba juu ya kamba mpaka upepo hauna pa kupita, alikaa chini akalia kidogo kisha akacheka. Ongchu naye alipiga ukelele wa kwao wa kushukuru miungu, akatupa jiwe dogo juu ya rundo la mawe ya sala, yale mabamba yaliyochongwa maandishi na wazee. Mgeni yuko juu. Hana kichwa, hana tumbo. Kilichobaki ni kushuka tu.

Ndipo alipotokea Kusang.

Alikuja polepole, miguu imeachana kama ya mtu aliye kwenye mtumbwi. Hakupiga ukelele. Hakutafuta jiwe la kutupa. Alilifikia rundo la mawe ya sala na kulipita kwa upande usiopitwa, rundo likabaki mkono wake wa kushoto, kisha akaligeukia, akateremsha kapu juu ya mabamba yaliyochongwa, na kukaa hapo hapo juu ya maandishi, buti juu ya neno takatifu, akitabasamu.

Ongchu aliacha kuitazama mikono yake.

Kwao mtoto hujifunza kuliacha rundo mkono wa kuume kabla hajajifunza jina lake mwenyewe. Mama humbeba mgongoni akilizunguka, na mwili unakumbuka. Walevi wa Thame, wanaorudi nyumbani kwa kutambaa, hulizunguka upande sahihi kwanza ndipo wanaanguka. Wezi wa ng'ombe hulizunguka sahihi. Mtu anayeuza wageni kwa helikopta, hata akiwa na roho ya namna gani, angelizunguka sahihi, pengine kwa haraka zaidi ya wengine. Hakuna uovu unaoweza kuifanya miguu ya mtu wa kwao isahau hilo. Ubongo ndio ulikuwa umesahau.

"Kusang," alisema. "Umekaa juu ya nini?"

Kusang aliangalia chini, akafikiri. "Kiti," alisema. "Cha nyuma. Abiria wanakaa nyuma."

Ongchu alimshika akamshusha pale, akamvua mshipi, akamvua glovu. Kucha zilikuwa za kijivu. "Nisogelee. Tembea mpaka hapa, mguu mbele ya mguu." Kusang alijaribu hatua mbili, ya tatu akaenda pembeni na kuangukia mkono wa Bogna.

Mama yule alikuwa amesimama. Alimshika Kusang lakini macho yake yalikuwa kwa Ongchu, makali. "Ahaa," alisema polepole. "Ndiyo hii. Nilikuwa naisubiri tangu Gokyo. Sasa mtu wenu anaugua, na sasa utaniambia helikopta, na jina langu ndilo litaandikwa kwenye bima. Siyo?"

"Hakuna helikopta," Ongchu alisema. "Mawingu hayo hapo. Na hata kungekuwa na jua, kuingoja ni kumwua. Tunashuka Lungden, kijiji cha upande wa pili, sasa hivi, nitambeba."

"Utambeba?"

"Mama, una vile vidonge vya dharura, vya ubongo kuvimba. Nilikuona navyo siku ya kwanza. Naomba kimoja."

Bogna alimtazama. Kisha akamtazama Kusang, ambaye alikuwa ameanza kutapika maji matupu kwenye theluji, bila kujua kwamba anatapika. Hakuna mtu anayeweza kuigiza vile. Alilishusha begi lake, lile ambalo hakuwahi kumruhusu mtu aliguse, akalifungua kwa meno kwa sababu vidole vilikuwa vimekufa ganzi.

"Kimeze," alimwambia Kusang.

Kusang alitikisa kichwa kama mtoto. "Hakipiti. Vidonge havipiti kooni. Ponda."

Ongchu alisimama na kisu mkononi. Akaelewa unga, akaelewa karatasi, akaelewa kikombe: ilikuwa dawa ya kichwa, na kikombe kilikuwa cha Kusang mwenyewe. Hakusema kitu. Alikiponda kidonge kwa mpini wa kisu kwenye kifuniko cha chupa, akakichanganya na chai, akamnywesha.

Kisha alilimwaga kapu. Mali za Bogna zikatawanyika kwenye mawe. Alikata mianzi ya upande mmoja wa kapu kutoka ukingoni mpaka karibu na kitako, kama wazee walivyokata kubebea wagonjwa, akatandika koti lake ndani na kumketisha Kusang humo, miguu ikining'inia kwenye uwazi. Akamfunga kwa kamba ya bendera. Kuikata kamba ya bendera ni jambo zito, lakini alifikiri miungu ilikuwa imeshaona mengi zaidi dakika chache zilizopita.

Bogna alikusanya alivyoweza. Begi lake kubwa alilivaa mgongoni, dogo akalivaa kifuani. Nguo nyingine na kitabu kinene aliviacha chini ya jiwe.

"Nitavirudia kesho," Ongchu alisema.

"Usivirudie. Kitabu chenyewe kibaya."

Ngazi za upande wa Lungden ni ndefu na zimechongwa wima. Ongchu aliliweka paji lake chini ya mshipi, akahisi uzito wa mtu mzima ukimvuta nyuma, akaanza. Miaka ilikuwa imepita tangu abebe kwa kichwa. Magoti yalikumbuka, lakini hayakufurahi. Kila ngazi alisikia meno ya Kusang yakigongana nyuma ya sikio lake, na aliongea naye asije akalala.

"Ulipiga simu kwa nani asubuhi?"

"Kwa dada Yangjin."

"Ulimwambia nini?"

"Kichwa... kinapasuka. Nikamwambia asikuambie."

"Kwa nini?"

"Sherpa gani anaumwa kichwa Gokyo?" Kusang alisema, ulimi mzito. "Ungenicheka mpaka Losar."

Bogna, aliyekuwa mbele akipima barafu kwa fimbo, aliuliza wanasema nini. Ongchu akamweleza, maneno machache machache kati ya pumzi. Yule mama alisimama katikati ya ngazi.

"Mimi ulinilaza Machermo, kule njiani, siku mbili nikiwa mzima," alisema. "Nilikukasirikia. Ukanipandisha nikashuka, ukanilaza tena, ati mwili uzoee mwinuko. Huyu umempandisha kwa siku ngapi?"

"Mbili."

"Kutoka Namche?"

"Kutoka Namche."

"Kwa nini?"

Jibu lilikuwa kwamba hakuna anayemhesabia siku mtu wa kwao. Wageni ndio wanaohesabiwa. Mtu aliyezaliwa Thame anapanda tu, kama moshi. Kwamba Kusang alikuwa ameishi chini kwa miaka yote ile, akila moshi wa magari, halikuwa limemjia akilini hata mara moja. Alikuwa na nafasi akilini ya kumshuku kwa kila kitu, ila kwa hilo tu.

Mawingu yaliwakuta kwenye kiziwa kidogo chini ya ngazi. Walishika mchanga, wakashika nyasi fupi, na kadiri walivyoshuka ndivyo mzigo ulivyoanza kusema maneno yenye maana. Kwanza ulilalamika kuhusu kamba. Baadaye ukauliza kwa nini unanuka siagi. Walipokaribia malisho ya juu ya Lungden, Kusang alisema kwa sauti ya kawaida kabisa, "Shemeji, wewe unaendesha vibaya sana."

Ongchu aliongeza mwendo.

Kwenye nyumba ya wageni ya Lungden walimlaza karibu na jiko, wakamwekea hewa ya mtungi wa mwenye nyumba. Jioni rangi ilimrudia kwenye kucha. Aliomba supu. Hakusubiri kulazimishwa, alikunywa bakuli mbili na kulamba ukingo. Kisha akamgeukia Ongchu.

"Ulimwaga chai yangu."

"Niliimwaga."

"Ulidhani nini?"

Ongchu alifungua mlango wa jiko, akachochea moto. Kusang alimtazama kwa muda mrefu, na kidogo kidogo uso wake ukabadilika.

"Lo," alisema. "Ulidhani namtilia mgeni unga." Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. Akageukia ukutani, na jina la shemeji halikutoka tena kinywani mwake usiku ule.

Kabla giza halijaingia vizuri, simu ya mwenye nyumba ililia. Ilikuwa ofisi ya Kathmandu. Wachunga yaki walikuwa wameona mtu akishushwa ndani ya kapu kutoka Renjo, wakawaambia watu wa Marlung, kijiji cha chini yake, wa Marlung wakaambia Thame, na Thame wana simu.

"Ongchu," alisema Bwana Tuladhar, bila salamu. "Naambiwa umembeba mgeni wangu."

"Mgeni ameshuka kwa miguu yake, bwana. Yuko hapa anakula viazi."

"Mpe simu."

Bogna aliichukua, akasikiliza, akasema kwa kinywa kilichojaa, "Nimetembea. Njoo uyaulize magoti yangu." Akairudisha.

"Basi kapuni alikuwa nani?"

"Mpagazi. Mwinuko umemshika."

"Mpagazi? Sherpa?" Bwana Tuladhar alicheka bila furaha. "Mlevi huyo. Au alikuficha ugonjwa wake? Niambie tu kwamba alikuficha, niandike hivyo, tumwondoe kwenye orodha, tumalize."

Ilikuwa kweli kwamba alificha. Neno moja lingetosha, na ufa wa jina la Ongchu ungezibwa palepale. Alimwangalia Kusang. Mgongo ule pale ukutani ulikuwa umetulia mno kuwa wa mtu aliyelala.

"Alificha, ndiyo," Ongchu alisema. "Kwa sababu mimi sikumwuliza. Nilimpandisha kutoka Namche kwa siku mbili. Ningemfanyia hivyo mgeni, ungenifukuza, tena kwa haki. Kosa ni langu, bwana."

Alisikia karatasi zikifunuliwa kule ofisini.

"Tutaongea ukifika mjini," alisema Bwana Tuladhar, na kukata.

"Hiyo ni nzuri au mbaya?" Bogna aliuliza.

"Sijui, mama."

Aliomba kwa mwenye nyumba kamba na sindano nene ya kushonea magunia, akalivuta kapu karibu na taa, akaanza kuliunga upande alioukata. Kesho mzigo ungepaswa kushuka Thame, na Kusang asingeubeba. Angeubeba yeye, mchana kweupe, mwongozaji mzima na mshipi kichwani, na wote watakaokutana naye njiani watadhani ameshafukuzwa kazi. Aliuma uzi kwa meno, akaujaribu mwanzi wa kwanza kwa kuuvuta. Ulishika. Akaanza wa pili.